Kipimo cha Mkono wa Kulia

Mjomba Futi alikuwa na mdomo, na hilo lisemwe mapema ili baadaye asije mtu akadai alionewa. Alikuwa fundi wa suti mwenye vyerehani vitatu, meza ndefu ya kukatia, na kioo kirefu ambacho wateja walijitazama mbele, wakajigeuza, wakajitazama nyuma, kisha wakajifanya hawajaridhika ili wapunguziwe bei. Futi ya kupimia ilimning'inia shingoni tangu asubuhi mpaka anapokwenda kulala. Siku moja alimzika jirani akiwa nayo, na jina likamganda palepale makaburini. Kilichomvimbisha kichwa katika kazi ya miaka arobaini kilikuwa kitu kimoja, kwamba nguo yake haijaribiwi. "Wengine wanashona, wanajaribu, wanafumua," alikuwa akisema. "Mimi nikishapima, nimemaliza. Njoo uchukue nguo yako uende zako."

Alhamisi moja mchana dada yake aliingia dukani bila salamu, akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika tama.

"Jana hakwenda tena," alisema.

Hakuhitaji kutaja nani. Ni binti yake, msichana wa miaka kumi na sita waliyemwita Kijiko kwa sababu utotoni alikuwa halali bila kijiko mkononi. Figo zake zote mbili zilikuwa zimeshindwa kazi miezi minane nyuma. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alitakiwa afike hospitali, aunganishwe na mashine ya kusafisha damu, akae hapo saa nne. Mwezi ule alikuwa ameshakosa mara tatu. Mara ya pili uso ulimvimba, pumzi zikamkata, wakambeba mbio mbio, na daktari akawaambia bila kuzunguka kwamba iko siku watachelewa.

"Anasemaje?"

"Hasemi. Amejifungia chumbani na lile sweta. Nimebembeleza, nimefoka, nimelia. Kaka, mimi nimefika mwisho."

Kiini cha yote kilikuwa mkono. Miezi mitano nyuma madaktari walimpasua kidogo mkono wa kushoto, wakaunganisha mishipa miwili ili upatikane mmoja mnene, unaoweza kuchomwa sindano kubwa mara tatu kwa wiki bila kuharibika. Mshipa ulikubali. Ulinenepa, ukajipinda, ukajitokeza juu ya ngozi kuanzia kwenye kifundo mpaka karibu na kiwiko. Madaktari waliusifu, wakasema kazi imetoka safi. Kijiko aliutazama mara moja, akateremsha mkono wa sweta, na tangu siku hiyo hata mama yake hakuuona tena. Shule akaacha. Marafiki akawaacha mmoja mmoja, mpaka simu yake ikanyamaza.

Mjomba Futi hakujaliwa mtoto. Alimpenda yule mpwa kuliko pumzi zake mwenyewe, na kwa kuwa hakujua hilo husemwa vipi, alikuwa akimgombeza. Aliweka mkasi chini, akasema kesho atampeleka yeye.

Na kweli kesho yake alfajiri aligonga mlango wa chumba cha Kijiko mpaka bawaba zikalalamika. "Toka, au naingia na pasi ya moto!" Kijiko alitoka amenuna, sweta mpaka kwenye vidole na joto lote lile, wakaenda.

Mjomba Futi hakuwahi kuingia katika chumba kile. Zamu ya asubuhi ilikuwa ya vijana, na walikuwa kumi na mmoja, kila mmoja kwenye kiti chake kikubwa cha kuegemea, kila mmoja na mashine yake pembeni. Blanketi hadi kidevuni, kofia hadi kwenye nyusi, waya masikioni, macho kwenye simu. Mikono yao ya kushoto imelazwa juu ya mito, imefunikwa. Kilichosikika ni mashine tu. Mjomba alikaa dakika kumi, akashindwa, akamfuata Sista aliyekuwa msimamizi wa chumba, mama mnene mwenye viatu vya raba na sauti ya upole ambayo hakuna aliyethubutu kuikaidi.

"Sista, hawa mbona hawapigi kelele?"

"Wapige kwa sababu gani?"

"Vijana kumi na mmoja chumba kimoja! Mimi wawili tu wakija dukani nafukuza."

Sista alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka. Alimweleza kwamba zamani walikuwa wakipiga kelele. Mwaka mmoja uliopita alitokea mfadhili, akawafanyia tafrija. Alileta fulana zenye maandishi, bango la ukuta mzima, mpiga picha, na hotuba ya saa nzima. Baada ya wiki mbili picha yao ilikuwa imepandishwa barabarani, kubwa, imeandikwa wagonjwa wa figo, na wenzao shuleni wakaiona. Kuanzia hapo kila mmoja akajifunika blanketi lake.

"Na huyu wako," Sista aliendelea akimtazama Kijiko kwa mbali, "ndiye ananinyima usingizi. Kukosa mara moja ni utoto. Akikosa mara tatu, ujue anaaga dunia polepole."

Maneno hayo yalimkata maini Mjomba Futi. Alisimama katikati ya chumba, futi shingoni, asijue mikono aipeleke wapi. Halafu mdomo wake ukafanya kama ulivyozoea, ukatangulia.

"Nitawadhamini mimi," alisema. "Tafrija. Ukumbi, muziki, chakula, kila kitu."

"Usiniambie mimi. Mwambie Mwenyekiti."

Mwenyekiti alikuwa kijana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwembamba, aliyekaa kwenye vile viti miaka mitano, mingi kuliko wenzake wote, na kwa hiyo neno lake lilikuwa la mwisho. Alitoa waya sikioni, akamsikiliza fundi mpaka mwisho, kisha akahesabu kwa vidole vya mkono wa kulia.

"Bango, hapana. Hotuba, hapana. Mpiga picha, hapana. Neno 'wagonjwa' lisitamkwe. Na wazazi wabaki nje."

"Na mdhamini?"

"Mdhamini ataingia kama ana kazi ya kufanya."

"Ninayo. Nitawashonea makoti."

Waya mwingine ukatoka sikioni, kiti cha tatu. Msichana wa miwani alijiinua kidogo. "Ya mikono mirefu?"

"Mirefu, mama. Mpaka hapa."

Nyuso zikamgeukia moja baada ya nyingine. Mjomba Futi aliuona mlango umefunguka na hakutaka kungoja ufungwe. Akavua futi shingoni, akaanza kupima hapohapo: mabega, kifua, urefu, mkono. Mikono ya kushoto ilikuwa na sindano na mipira inayopeleka na kurudisha damu, hata kuigusa hakuthubutu, akapima ya kulia. Wala hakulifikiria mara mbili. Kwa miaka arobaini alikuwa akimpima mtu mkono mmoja, akakunja kitambaa, akakata mikono miwili kwa mkasi mmoja. Ndivyo mafundi wanavyofanya, na watu wanavaa, hajafa mtu.

Kwenye kiti cha mwisho Kijiko alivuta blanketi mpaka puani.

"Mimi siendi."

"Nani kakwambia uende? Napima tu."

"Usinipime."

Kwa hiyo hakumpima.

Maandalizi yalichukua wiki tatu. Pesa zilitoka, na tusizizungumzie. Alipata ukumbi mdogo ghorofani, juu ya duka la samani, wenye madirisha pande mbili na sakafu ya mbao. Alichagua Jumamosi mchana, kwa sababu Sista alimweleza kuwa Ijumaa damu zao zinakuwa zimetoka kusafishwa na miili ni myepesi. Alitaka kuleta soda kreti kumi. Sista akampa karatasi: vikombe vidogo, maana wao hupimiwa hata maji ya kunywa, ndizi hapana, machungwa hapana, chumvi ya kunusa tu. Fundi aliisoma karatasi ile mara mbili, akaenda jikoni kwake akajimiminia maji glasi nzima, akaitazama, akashindwa kuimaliza.

Dukani kazi nyingine zote zilisimama. Bwana harusi mmoja alikuja mara tatu kuulizia suti yake na mara tatu akaambiwa arudi. Makoti yalikuwa ya buluu iliyoiva, bitana nyekundu ndani, na mabega yalishonwa kwa mkono, mshono ambao Mjomba Futi huwatunzia watu anaowaheshimu. Kisha akajiongezea ufundi wa kwake bila kumuuliza mtu. Vijana siku hizi wanapenda nguo za kubana, alijisemea, na wakicheza mkono utapanda. Akaipunguza mikono ikawa myembamba, akatia lastiki kwenye kifundo, imara. La Kijiko alilishona kwa kukadiria, kwa macho tu.

Katika wiki hizo tatu alimpeleka mpwa wake hospitali mwenyewe, Jumatatu, Jumatano, Ijumaa, asikose hata mara moja. Alijiona ameshinda. Sista ndiye aliyemshusha.

"Fundi, anakuja kwa sababu unamvuta. Siku ukilala na mafua, hatakuja. Mimi nataka aje kwa miguu yake."

Mjomba Futi alijua kwamba hakuwa ametayarisha tafrija ya vijana kumi na mmoja. Alikuwa ametayarisha ya mmoja, hao kumi ni wa kumsindikiza, na kama huyo mmoja angekuja akasimama mlangoni akarudi zake, basi hakuwa na mbinu nyingine chini ya jua.

Jumamosi ikafika. Makoti kumi na moja yalitundikwa kwenye kamba ukutani, kila moja na kikaratasi chake. Muziki ulichaguliwa na Mwenyekiti, na ulikuwa mkubwa kiasi kwamba vikombe vilitembea mezani vyenyewe. Vijana waliingia wawili wawili, wamevaa majaketi na mikono mirefu, wanajifanya hawana habari na makoti huku macho yanawatoka. Kijiko naye alikuja. Mama yake alikuwa amemwomba nusu saa tu, nusu saa kamili kwa saa, na akamwacha mlangoni. Akabaki papo hapo mlangoni, sweta lake mwilini, mgongo kwenye ukuta.

"Haya, vaeni!" fundi alipaza sauti, uso umemng'aa. "Hakuna kujaribu. Ni kuvaa na kucheza."

Mwenyekiti alitangulia. Mkono wa kulia ukapita kwa raha. Wa kushoto ukaingia, ukafika chini ya kiwiko, ukagoma. Akasukuma. Koti likabana zaidi. Akakunja uso, akashika ncha ya mkono kwa vidole ili aivute kwa nguvu.

"Acha!" Sista alikuwa ameshavuka ukumbi, na hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. "Acha hapohapo. Toa taratibu. Wote, msivae!"

Mtu akazima muziki. Sista aliuchomoa mkono wa yule kijana kidogo kidogo, akauwekea kiganja, akasikiliza kwa vidole, akashusha pumzi. Kisha akamgeukia fundi. Hakufoka, na afadhali angefoka.

"Mkono huu haubanwi, Fundi. Hauvai saa, haubebi mkoba, haulaliwi. Damu ikisimama humu, njia imekufa. Wapasuliwe upya, na si kila mtu ana pa kupasuliwa tena. Hukuona kwamba ni mnene kuliko mwenzake?"

Hakuona. Alikuwa amekaa nao wiki tatu, chumba kimoja, na hakuona. Msichana wa miwani alikaa kwenye kiti, koti lake mapajani, akiipapasa bitana nyekundu. Wengine walianza kurudisha makoti kwenye kamba polepole, kwa adabu ya kumhurumia mtu mzima, na hiyo ndiyo iliyomuumiza. Akatazama mlangoni. Kijiko alikuwa amegeuka, mkono uko kwenye kitasa.

Mjomba Futi angeweza kusingizia kitambaa. Angeweza kusema ni mtindo, angeweza kusema walijitikisa wakati anapima. Maneno ya namna hiyo alikuwa nayo ghala zima, ameyatumia kwa mabwana harusi miaka na miaka.

"Nimekosea," alisema.

Akarudia.

"Nimekosea mimi. Nilipima wa kulia tu, kwa kila mmoja. Nikakunja kitambaa nikakata miwili sawasawa, kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Wa kushoto sikuupima hata mmoja. Niliona mmeufunika, na mimi nikaona afadhali. Niliogopa kuutazama. Nisameheni, wanangu."

Kisha Mwenyekiti akavuta kiti, akakaa mbele ya meza, akasogeza vikombe pembeni. Akakunja mkono wa shati lake, mkunjo mmoja, wa pili, wa tatu, akaulaza mkono wake wa kushoto juu ya kitambaa cheupe cha meza, wazi, mishipa yake yote imesimama.

"Basi pima, Mzee. Usibane."

Fundi akavua futi. Sista alisimama nyuma yake akimwambia legeza, legeza tena. "Inchi kumi na nusu," alisoma. "Wa kulia ulikuwa nane."

"Kumi na nusu!" Mwenyekiti aliwageukia wenzake kifua mbele. "Mmesikia? Kuna mwenye kumi na nusu hapa?"

"Toka hapo," alisema kijana mmoja mfupi aliyekuwa hajafungua mdomo tangu aingie. Alikuwa anavua jaketi. "Huo wako ni njia ya panya. Subiri uone barabara ya lami."

Msichana wa miwani alicheka, na kicheko chake kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Foleni ikajipanga yenyewe. Majaketi yakavuliwa, yakatupwa kwenye viti. Kila kipimo kilichosomwa kilipokelewa kwa mayowe, wengine wanabisha, wengine wanadai wapimwe upya, mmoja anashtakiwa kwamba amekaza ngumi ili aongeze nusu inchi. Mikono ambayo ilikuwa imefunikwa mwaka mzima sasa ilikuwa inawekwa sambamba juu ya meza, inalinganishwa, inaguswa. Mtu akawasha muziki tena.

"Sawa," fundi alisema alipomaliza kuandika vipimo kumi kwa chaki kwenye ubavu wa meza. "Nipeni wiki moja. Hapa sina cherehani, sina kitambaa cha kuongezea."

"Wiki moja?" Msichana wa miwani alimwekea koti lake mbele. "Muziki uko leo. Kata."

"Nikate nini?"

"Mkono wa kushoto. Wote. Kuanzia begani."

Mjomba Futi aliutazama ule mshono wa bega. Alikuwa ameushona usiku wa tatu mfululizo, macho yakimuuma. Aliwahi kugombana na mteja mpaka wakashikana mashati kwa sababu ya kugusa mshono wa bega. Akatoa mkasi mfukoni, akakata. Alipomaliza, yule msichana alivaa, akafunga kifungo, akazunguka mzima mzima kama wateja wake wanavyozunguka mbele ya kioo, mkono mmoja buluu mpaka kwenye vidole, wa pili uko nje kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa mzuri. Alijua kwamba ni mzuri, akaenda moja kwa moja mlangoni, akamwonyesha Kijiko mgongo wa koti, kisha mbele, kisha akasimama naye hapo wakinong'onezana.

Fundi hakuthubutu kuwatazama. Alikata la pili, la tatu, la nne. Kila aliyevaa lake alikwenda kati ya ukumbi, na mbao za sakafu zikaanza kulia. Alipolikata la kumi, akainua kichwa, akaona kamba imebaki na moja. Alilishusha, akaliweka mezani. Mkasi ulikuwa mzito. Nusu saa ilikuwa imepita zamani na alikuwa anaogopa kugeuka aone mlango mtupu.

Kiti kikavutwa mbele yake.

"Mjomba," alisema Kijiko. "Wangu uliupima lini?"

"Sikuupima. Nilikadiria."

"Kwa macho?"

"Kwa macho."

"Fundi mzima! Huoni haya?"

"Naona," alisema, na alikuwa anaona kweli.

Kijiko alitazama kulia, akatazama kushoto. Hakuna aliyekuwa anawaangalia, walikuwa wanacheza. Akaanza kuvua mkono wa sweta. Ulikuwa umenata kwa jasho na ilimchukua muda, na mjomba wake alijikaza asimsaidie. Mkono ukatoka. Ulikuwa mwembamba, mweupe kidogo kwa kukosa jua, na ule mshipa umepanda juu yake kwa mapindo mawili, na alama ndogo ndogo za sindano zimejipanga pembeni. Mjomba Futi alikuwa ameandaa maneno ya kusema siku hii ikifika, kwamba mbona si kitu, mbona hauonekani. Aliyaacha. Ulikuwa ni kitu na ulionekana.

"Weka kidole," Kijiko alisema. "Hapa. Usiogope."

Akaweka. Chini ya ngozi palikuwa panatetemeka, bila kukoma, kwa nguvu ambayo hakuitegemea kwenye mkono mdogo namna ile. Akarudisha kidole haraka.

"Nini hiyo?"

"Damu. Inapita kwa kasi. Sista anasema ikinyamaza ndiyo niogope." Alijigusa mwenyewe pale pale, kwa vidole viwili. "Nikilala upande huu naisikia mpaka sikioni. Naichukia, Mjomba."

"Mpaka sasa?"

Alifikiri kwanza. "Mpaka sasa. Lakini pima."

Akazungusha futi taratibu, akailegeza bila kuambiwa. Ilibidi asome mara mbili kwa sababu namba zilikuwa zinaogelea.

"Saba na nusu."

"Mwenyekiti ana ngapi?"

"Kumi na nusu."

Kijiko aligeuka akamtazama yule kijana mrefu aliyekuwa anacheza vibaya kuliko wote katikati ya ukumbi. Alimtazama kama mtu anayepima umbali wa safari.

"Yeye ana miaka mitano kwenye kile kiti," alisema. "Mimi hata mwaka sijafika. Ngoja na mimi nifike mitano, nitampita."

Mjomba Futi aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta chaki. Chaki ilikuwa mkononi mwake. Miaka mitano, mtoto amesema miaka mitano, kwa mdomo wake, bila kubembelezwa. Machozi yalimtoka na hakuyazuia, yakadondoka kwenye kola ya buluu.

"Mjomba, unalowesha koti langu."

"Nyamaza wewe."

"Na Jumatatu usije kunichukua."

"Kwa nini?"

"Nitakwenda na yule wa miwani. Kwao ni njiani, ananipitia saa kumi na mbili na nusu. Wewe unatembea polepole na unasimama kusalimia kila mtu, utanichelewesha."

"Sawa," alisema. Akakata mkono wa kushoto wa koti kuanzia begani, akasimama, akamvalisha mpwa wake. Kisha akaanza kumfunga vifungo, kimoja kimoja mpaka cha juu, ingawa angeweza kujifunga mwenyewe, na Kijiko akamwachia.